Sista wa Vidonda

Mgonjwa wa kwanza niliyepelekwa kumwona alikuwa mama mmoja wa Kawangware, Nairobi, aliyekuwa akiuza sukumawiki mbele ya mlango wake. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kilichoanzia kwenye kifundo kikapanda hadi katikati ya muundi, na alikuwa ameishi nacho miaka sita. Wapangaji wenzake walikuwa wamelalamikia harufu, na mwenye ploti akampa wiki moja ahame. Nilipoinama kufungua kitambaa alichokuwa amejifunga, mkono wangu ulikwenda puani wenyewe.

Muuguzi niliyeandamana naye aliushika mkono huo akauteremsha. Yeye alikuwa mkubwa wangu wa kazi, na watu wote walimwita Sista, wagonjwa na wauguzi na hata wachuuzi wa njiani.

"Usizibe pua," akaniambia, bila ukali. "Pua ndiyo kifaa chako cha kwanza. Hebu nambie, wasikia harufu gani?"

"Mbaya, Sista."

"Mbaya si jibu. Ni tamu au ni kali? Yanuka samaki au yanuka chuma?"

Nikanusa tena, machozi yakinilenga. Nikasema ni tamu, kama tunda lililolala. Akaitikia kwa kichwa, akanieleza ni vijidudu gani huwa na harufu hiyo na ni dawa gani huviweza. Kisha akaketi chini juu ya gunia la sukumawiki, akakunja buibui lake, akakipakata kisigino cha yule mama. Mama akajaribu kuuvuta mguu.

"Sista, utachafuka."

"Nguo hufuliwa. Nipe mguu."

Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akatoa nyama iliyokufa kidogo kidogo, akapaka asali, akaufunga mguu kwa bandeji kutoka vidoleni hadi chini ya goti, akikaza kwa nguvu ileile kila mzunguko. Alipomaliza hakupumzika. Alimfuata mwenye ploti, mzee aliyekuwa ameketi dukani kwake akisikiliza redio.

"Mzee, nipe miezi mitano," akamwambia. "Harufu itaisha wiki hii. Kidonda chataka muda."

"Na isipoisha?"

"Isipoisha nitahamia hapo na mimi, mtufukuze wawili."

Mzee akacheka, akasema haya, akae. Kidonda kilifunga baada ya miezi saba. Sista alikuwa amekosea hesabu kwa miezi miwili, na mzee hakumfukuza mama.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa nimeacha kazi mbili katika mwaka mmoja. Kwetu ni upande wa Dagoretti, nyumba ya mawe yenye ng'ombe wawili nyuma na vyumba vya kupangisha mbele, na baba yangu alikuwa ametangazia kanisa zima kwamba binti yake ni muuguzi wa hospitali. Nilipoacha hospitali ya kwanza alininyamazia. Nilipoacha ya pili alimwuliza mama, nikisikia, kama kuna kitu wanachoweza kunipa nitulie. Mama alisema mimi nilizaliwa nimesimama. Alisema hivyo kwa mzaha, lakini hakukosea. Nikiwa kwenye zamu nilikuwa nikitazama saa, nikiwa nyumbani natazama barabara. Sikujua nataka nini. Nilijua tu kwamba kila mahali nilipofika, baada ya miezi michache miguu ilianza kuniwasha.

Rafiki niliyesoma naye ndiye aliyenielekeza Hurlingham. Nyuma ya ofisi moja kwenye barabara ya Argwings Kodhek kulikuwa na vyumba viwili ambavyo zamani vilikuwa vya wafanyakazi wa nyumbani. Mlangoni palikuwa pameandikwa kwa rangi ya buluu: SISTA WA VIDONDA. Baadaye ndipo nilipojua kwamba jina hilo lilianza kama tusi.

Sista alizaliwa Mombasa, katika mitaa ya kale. Katika mtaa wao hapakuwa na msichana aliyewahi kwenda kusomea uuguzi. Baba yake alikaa mwaka mzima bila kusema naye, kwa kuwa bintiye angegusa miili ya wanaume asiowajua. Alikuja Nairobi, akafanya kazi miaka ishirini katika hospitali moja kubwa. Jambo lililomkera ni watu kuruhusiwa kwenda nyumbani na vidonda, kisha kurudishwa baada ya mwezi wakiwa hali mahututi, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu aliyejua hata kubadilisha kitambaa. Aliomba kuwafuata siku zake za mapumziko. Akaambiwa kazi ya muuguzi inaishia getini. Akawafuata hivyohivyo, na mkoba wake mwenyewe, na wenzake wakaanza kumwita Sista wa Vidonda na kumsogezea kiti mbali wakati wa chai. Alipoacha kazi ile, katika umri ambao wengine wanangoja kustaafu, hapakujulikana mtu mwingine mjini aliyekuwa akifanya kazi hiyo ya nyumba kwa nyumba. Alinunua kopo la rangi akaliandika lile tusi mlangoni.

Hakuwa mpole. Alitembea kwa kasi, mimi nikiwa nyuma yake nikihema. Alikula amesimama. Wagonjwa hakuwapa pole, aliwaambia, "Tuanze." Wauguzi wawili kabla yangu walimkimbia. Mimi nilidumu kwa sababu naye hakujua kutulia, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na mtu wa kukimbizana naye.

Mwaka huohuo tuliitwa Karen. Ilikuwa nyumba kubwa nyuma ya ua wa miti, na geti lake lilichukua muda mrefu kufunguliwa. Mgonjwa alikuwa mzee aliyewahi kushika cheo serikalini, akapatwa na kiharusi, sasa hakuweza kujigeuza kitandani. Binti yake mkubwa alitupokea chini. Alivaa suti ya kazini, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Nyumba nzima ilipuliziwa manukato ya waridi. Tulipanda ngazi, na tulipofika kwenye mlango wa chumba yale waridi yalishindwa.

Kidonda kilikuwa chini ya kiuno, kimechimba hadi mfupa ulikuwa ukionekana. Sista alikitazama, akamfunika mzee.

"Nani humgeuza?"

Binti akamtazama msichana wa kazi aliyesimama kwenye pembe. Msichana akatazama chini.

"Mimi huogopa kumvunja, Sista," akasema.

"Na kumwogesha?"

"Huwa namwaga maji na kitambaa. Haraka haraka."

Mzee, ambaye mdomo wake ulikuwa umepinda upande mmoja, alisema maneno ambayo sikuyapata. Sista akainamisha sikio. Mzee akarudia polepole: "Wananiosha kama gari."

Sista alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka mbele ya mgonjwa. Mzee naye akatikisika kitandani, na nikaona kwamba alikuwa anacheka pia, huku machozi yakimtiririka kwa upande ule mzima.

"Njoo hapa, mwanangu," Sista akamwambia binti. "Vua koti. Mkono wako uingize hapa, chini ya nyonga."

Binti hakusogea. "Sista, yeye ni babangu. Kwetu mtoto wa kike hamshiki babake hivyo."

"Hata kwetu. Lakini mfupa huu hausomi mila. Leta mkono."

Akauleta. Sista akauweka wake juu ya ule wa binti, akauongoza. "Wahisi hapo? Hapo ndipo alipolala miezi minne. Weye waweza kulala juu ya jiwe siku moja?"

Binti alikuwa akilia bila sauti, lakini mkono hakuutoa. Pamoja wakamgeuza mzee akalalia ubavu wa kushoto, na mito ikawekwa. Kwa kuwa mzee alipenda taarifa za habari, Sista alitoa amri kwamba redio isizimwe: habari za saa tatu alale kushoto, za saa tano alale kulia, hivyo hivyo mchana kutwa, na usiku waweke kengele ya simu.

Wiki ya tatu tulikwenda bila kuwaarifu. Tulimkuta binti amekunja mikono ya blauzi, akigombana na msichana wa kazi kwa sababu habari za saa tano zilipita bila mtu kupanda juu. Sista hakuingilia. Alisimama mlangoni akaniambia, "Hawa sasa hawatuhitaji sana." Kidonda kilichukua karibu mwaka. Mzee alikufa baadaye kwa ugonjwa wa moyo, mgongo wake ukiwa mzima.

Kila tulipotoka nyumba kama ile mimi nilijiona mtu muhimu kwa siku mbili, tatu, halafu yale mawasho ya miguu yakarudi. Wenzangu wa chuo walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Walinitumia picha za theluji, za vyumba vyao vidogo visafi. Nikaanza kusomea mitihani ya kwenda Uingereza kwa siri, nikafaulu, nikapata barua. Niliibeba barua hiyo mkobani wiki mbili nikiogopa kusema.

Nilisema sokoni. Bandeji zetu tulizitengeneza wenyewe kwa mashuka makuukuu ya pamba tuliyonunua kwenye soko la mitumba nyuma ya Adams Arcade. Tuliyachemsha, tukayachana, tukayaviringisha. Siku hiyo Sista alikuwa ameinua shuka moja dhidi ya jua akitafuta matundu.

"Sista, nimepata kazi ng'ambo."

Hakuliteremsha shuka. "Hii ni pamba tupu," akasema. Halafu: "Ni lini?"

"Mwezi ujao."

"Basi jichagulie mashuka mawili mazito. Huko nasikia baridi haina adabu."

Nilitaka anikataze. Nilitaka angalau akasirike, ili niondoke nikiwa na haki. Badala yake alimlipa muuzaji, akajitwika furushi, akavuka Ngong Road akiwa hatua kumi mbele yangu kama siku zote. Nililia njia nzima hadi Hurlingham, na hakugeuka hata mara moja.

Nilikaa Uingereza miaka miwili, katika nyumba ya wazee kwenye mji mdogo wa mvua. Kila kitu kilikuwepo. Bandeji zilikuja kwenye pakiti zilizofungwa, vitanda vilijiinua vyenyewe, na kila niliyemgeuza niliweka alama kwenye fomu. Wazee wale walikuwa wema kwangu. Lakini siku ya mapumziko nilikuwa nikitoka kutembea bila kujua naenda wapi, nikifika mwisho wa mji, nikisimama kando ya shamba la kondoo, nikirudi. Sista nilimpigia simu Jumapili. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi. Alinieleza nani amepona na nani amekufa, kisha akasema ana kazi.

Watu huniuliza kwa nini nilirudi, na nimewapa majibu tofauti. Baba yangu alianguka akavunjika nyonga, hilo ni kweli. Nilikuja kwa mwezi mmoja. Mwezi ulipokwisha baba alikuwa amesimama kwa fimbo, tiketi yangu ilikuwa mezani, na mimi sikwenda uwanja wa ndege. Sina maelezo bora kuliko hayo.

Sista hakunikumbatia. Nilimwamkia, "Shikamoo, Sista," akaitika, "Marahaba," akanitazama juu hadi chini akasema nimenenepa. Chumba cha pili sasa kilikuwa na wauguzi watatu vijana aliowafundisha yeye. Mimi nilipewa sufuria ya kuchemshia mashuka. Nilichemsha na kuchana na kuviringisha wiki tatu, nikiwa na uzoefu wa nchi mbili, bila kugusa mgonjwa hata mmoja. Nilikasirika, nikakaa. Nadhani alikuwa akingoja kuona kama nitaondoka.

Ni katika wiki hizo za sufuria ndipo nilipoanza kuona mambo. Sista hakutembea tena mbele. Mkoba alimpa mtu mwingine abebe. Kitu kilichokuwa juu ya kabati alimwambia mmoja wa wale wauguzi amteremshie, na aliposahau akanyoosha mkono wa kushoto, aliurudisha haraka, uso umemkunjika. Na alijifukiza udi. Wanawake wa pwani hujifukiza, hilo silo ajabu, lakini Sista alikuwa akitukataza hata sabuni yenye manukato kazini, kwa sababu muuguzi wa vidonda anayenukia hawezi kunusa. Sasa aliingia asubuhi udi ukimtangulia kama wa bibi harusi.

Chini ya udi palikuwa na kitu kingine. Nilikisikia Jumanne moja alipopita nyuma yangu. Nikajiambia ni sufuria. Nilijiambia hivyo kwa wiki mbili.

Halafu hakuja siku mbili mfululizo, akasema ana homa. Siku ya tatu asubuhi nilikwenda kwake katikati ya mji. Aliishi ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa la mdogo wake, mwanamume mtaratibu aliyekuwa akiuza vitambaa mchana na kufundisha watoto Kurani jioni. Sote tulimwita Maalim. Alinipeleka juu, akabisha, akaniacha.

Sista alikuwa ameketi kitandani, amevaa buibui ndani ya nyumba, dirisha wazi, chetezo cha udi kinafuka. Nilifunga mlango.

"Sista, fungua nguo nikuone."

"Umekosa adabu huko Ulaya."

"Nimekosa. Fungua."

Aligeuka akatazama dirishani, kwenye mapaa ya maduka. Barabarani mtu alikuwa akinadi chaja za simu kwa kipaza sauti. Kisha akasema, bila kunitazama, "Wasikia harufu gani?"

"Chuma," nikasema. "Na nyingine."

"Itaje."

"Nyama inayokufa."

Akaitikia kwa kichwa, kama siku ile Kawangware. Halafu akaanza kufungua mwenyewe, kwa mkono wa kulia, polepole.

Lilikuwa titi la kushoto. Sitaeleza zaidi ya hapo, ila nitasema hivi: bandeji ilikuwa imefungwa vizuri ajabu. Kwa mkono mmoja, mbele ya kioo, alikuwa amejifunga kwa mashuka yetu ya Adams, tabaka juu ya tabaka, vidonge vya kupunguza harufu vilivyosagwa vikiwa vimenyunyizwa pale panapofaa. Niliwahi kuona kazi za wauguzi wengi, wa hapa na wa kule. Sikuwahi kuona kazi safi kama ile, na niliichukia.

"Tangu lini?"

"Weye ulikuwa Uingereza."

"Tulizungumza kila Jumapili."

"Ningekwambia ungerudi. Kisha maisha yako yote ungesema nilikurudisha."

"Na daktari?"

"Miaka thelathini nimewaambia wanawake, njooni mapema. Nimewafokea waliochelewa. Sasa mimi ningekwenda kukaa benchi gani?"

Nilitaka kumfokea, na nilimfokea. Nilimwambia yeye ni mwoga. Nilimwambia kiburi chake kimemwua. Maneno hayo niliyasema kwa mwanamke mgonjwa aliyeketi mbele yangu kifua wazi, na alinisikiliza hadi nikaishiwa. Kisha akasema, "Tuanze," akanionyesha lilipo beseni.

Daktari alisema yale tuliyokwisha kuyajua sote wawili. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa. La kufanya ni kupunguza maumivu na kukitunza kidonda. Kwa hiyo kila siku mchana, nikimaliza wagonjwa wa Hurlingham, nilishuka Valley Road kwa miguu hadi mjini kumfunga bandeji. Ningeweza kupanda gari, lakini nisingeweza kukaa kwenye kiti. Nilitembea nikizungumza peke yangu, nikigombana naye, watu wakinipisha.

Alikuwa mgonjwa msumbufu. Alibishana juu ya vipimo vya mofini. Alisahihisha vidole vyangu: legeza hapo, hapo umekaza kama wafunga mzigo. Siku nyingine alinikatalia nisimguse hadi nimweleze habari za kila mgonjwa, na nikimwambia mmoja hajambo alitaka kujua hajambo kwa vipi. Maalim alileta uji akauacha mlangoni, kwa kuwa hakutaka kumwona dadake katika hali ile, na dadake hakutaka kuonwa. Nilimwomba Sista awaruhusu wale wauguzi vijana waje wajifunze. Akakataa. Nilimwomba tena. Akaniambia nikitaja jambo hilo mara ya tatu atatafuta muuguzi mwingine.

Hata hivyo, Jumatatu na Alhamisi bado alikuja kazini kwa teksi, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha akatusimamia. Alhamisi moja alikuja mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwuzaji wa viatu vya mitumba. Alisema ana jipu kifuani. Alikuwa amelipaka dawa za majani na kulifunika kwa leso, na hakutaka kunionyesha. Nilimbembeleza. Akasimama akasema ataenda, atarudi siku nyingine. Nilijua hatarudi.

"Tokeni nje," Sista akawaambia vijana. Kisha akanigeukia. "Weye baki. Shika mlango."

Yule mwanamke alibaki amesimama, mkoba kifuani. Sista alifungua vifungo vya buibui lake. Akafungua bandeji niliyoifunga jana yake, mzunguko mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho. Ilichukua muda.

"Mimi ni muuguzi," akamwambia. "Nilijua ni nini siku ile ya kwanza, kilipokuwa kama mbegu ya tende. Nikanyamaza. Hebu tazama vizuri."

Mwanamke alitazama. Sikuona uso wake, nilikuwa nyuma. Niliona tu mkoba unashuka.

"Ilianza hivi?" akauliza.

"Ilianza kama yako."

Kisha Sista akasema, "Sasa nisaidie kufunga, mkono wangu haufiki." Na yule mwuza viatu, ambaye hakuwahi kufunga bandeji maishani mwake, akazunguka nyuma ya kiti akafunga, Sista akimwelekeza, na mimi nimesimama mlangoni kama askari, sijui nitie mikono wapi. Kesho yake asubuhi nilimpeleka yule mwanamke hospitali. Walimkata titi moja. Yuko hai, nikipita Adams huniita na kunionyesha viatu vya saizi yangu. Hatujawahi kuizungumzia Alhamisi ile.

Sista alifariki wiki chache baadaye, asubuhi, wakati wa chai. Nilifika mchana kama kawaida nikamkuta Maalim ameketi kwenye ngazi.

Mimi ni Mkristo, kwa hiyo kumwosha hakukuwa kazi yangu. Lakini wale akina mama waliokuja kumwosha hawakujua watakuta nini, na mmoja wao alipofunua shuka akarudi nyuma. Maalim akaniomba niingie kwanza. Nilikisafisha kidonda mara ya mwisho. Nikawaonyesha washike wapi na wasikandamize wapi, na jinsi ya kufunga ili kisivujie sanda. Yule aliyerudi nyuma akasogea akanishikia bandeji. Tulifanya kazi vizuri. Kisha nikawaachia, nikashuka dukani, nikakaa katikati ya majora ya vitambaa nikisikia maji yakimwagika juu.

Alizikwa alasiri hiyohiyo. Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa Hurlingham, na benchi lilikuwa limejaa. Wauguzi vijana wakanitazama. Nikasema tuanze, na sauti yangu ikakatika, nikarudia.

Sasa ni mwaka wa nne. Sijatulia. Bado kuna miezi ambayo natazama tangazo la kazi ya ng'ambo nikajaza nusu ya fomu. Nimeacha kupigana na hali hiyo. Naichukua naitembeza hadi Kawangware, hadi Karen, na ikifika huko huwa imechoka kidogo. Vijana wananiambia natembea mbio mno.

Nilipoamua kuandika haya nilikwenda kwa Maalim kuomba ruhusa. Nilimsomea kurasa zote dukani, akiwa anapima kitambaa cha mteja. Nilipofika mahali pa titi, aliweka mkasi chini. Nilidhani atanikataza, na nilikuwa tayari kukubali.

"Jina lake usiliandike," akasema. "Mengine yaache."

"Sawa, Maalim."

"Lakini pale mwanzoni, ulipomwandika amekaa chini kwenye gunia." Akafikiri, akitafuta namna ya kusema bila kuniudhi. "Yaonekana kama alikuwa na subira. Dadangu hakuwa na subira hata ya chai kupoa. Watu waliomjua wakisoma, watasema umetunga."

Nikamwambia subira alikuwa nayo kwa vidonda tu. Akatikisa kichwa, hakuridhika, akaendelea kukata kitambaa.